Ba Amekwenda Kwao

Mumbai, 8 Februari 1998

Mpendwa dada yangu mkubwa, Motiben,

Jai Shri Krishna. Sisi huku Borivali hatujambo, ukiacha kikohozi cha Varsha, ambacho yeye anasema ni vumbi la barabara na mimi nasema ni kugombana na wauza mboga kila asubuhi. Binti yetu Bhavini ana mitihani. Anasoma amelala chini, miguu kaiegemeza ukutani, na mama yake akimkemea anajibu kwamba damu inashuka kichwani kusaidia hesabu. Na wewe presha yako vipi? Dawa unazimeza, au unazipanga dirishani zipendeze?

Umeniambia baba yetu, Bapuji, alipotea njia ya sokoni akarudishwa na muuza maziwa. Hiyo ni mara ya pili uliyoniambia. Zile ambazo hukuniambia sizijui.

Sasa niseme lililonifanya nikae chini niandike. Ningepiga simu, lakini simu iko kwa jirani yako Kantaben, na tukizungumzia pale mtaa mzima utakuwa umeshajua kabla hujaweka mkono wa simu chini. Yule binti wa kampuni ya mnada ameiona ile picha ya kamera niliyopiga mchoro wa mama yetu, Ba, wakati wa sikukuu ya Diwali. Akaiangalia mpaka chai yake ikapoa. Akaniuliza, "Kaka, hii mmeitundika jikoni? Karibu na jiko?" Nikamjibu imetundikwa jikoni kwa sababu jikoni ndiko ilikochorwa. Anasema kazi za Ratikaka za miaka ile zimebaki chache mno na wenye nazo hawataki kuziachia. Hebu fikiria, Motiben. Ratikaka wetu, aliyepanga chumba cha mbele akisoma chuo cha sanaa, akila kwetu na kuomba pilipili ya kuongeza, akimchora Ba huku Ba akimfukuza na mwiko. Leo watu wasiowahi kumwona wanamtaja kwa heshima kama mtakatifu.

Mnada ni Juni. Tukikubali iuzwe, tutatengeneza paa, na tutapata mtu wa kukaa na Bapuji mchana ili na wewe upumue. Sauti yako siku hizi siipendi. Sitaki kumzika dada yangu kabla ya baba yangu, na samahani kwa kulisema hivyo hivyo.

Kuhusu Bapuji nimeshafikiri. Nitatengeneza nakala ya rangi, kipimo kile kile, fremu ile ile. Macho yake yana ukungu. Hatajua.

Nijibu. Mdogo wako anayekusumbua,
Dhansukh


Vadodara, 27 Februari 1998

Dhanu mpenzi,

Jai Shri Krishna, na baraka za Bapuji, ambaye leo anakuita kwa jina la mjomba wake lakini baraka ni zako. Mwambie Varsha achemshe tangawizi na manjano, aache ubishi. Mwambie Bhavini miguu ya mtoto wa kike ukutani si kitu cha kumwandikia shangazi, ila mimi mwenyewe nilikuwa nikisoma hivyo hivyo.

Karatasi zako zimo humu. Nimeweka saini kila ulipoweka alama.

Kabla ya kuweka saini nilikaa jikoni nikaitazama ile picha. Unakumbuka jinsi mtaa ulivyocheka? Uso wa manjano, jicho moja kubwa kuliko lingine, mikono mirefu mpaka inatoka nje ya picha. Bibi alisema Ratikaka kachora mchawi ndani ya nyumba ya watu. Ba alicheka mpaka akakaa chini na unga mikononi. Lakini ile shingo iliyoinama upande ni yake kabisa, maana ndivyo alivyokuwa akiinama kusikiliza kengele ya baiskeli ya Bapuji akirudi kutoka kufundisha. Hatuna picha nyingine ya Ba, Dhanu. Ulikuwa na miaka mitano alipofariki, kwa hiyo ukimkumbuka unaikumbuka hiyo.

Kuna jambo wewe hulioni ukija Diwali, kwa kuwa unaamka saa nne. Kila asubuhi Bapuji akishaoga anachovya kidole kwenye unga mwekundu wa kumkum, anamwekea Ba kidoti chekundu cha mke mwenye mume kwenye paji la uso, pale pale penye rangi, anasema, "Haya Savita, siku imeanza." Ndipo anakunywa chai. Shada la maua hajamvisha hata siku moja. Mwaka juzi Kantaben alimwuliza kwa ile sauti yake, "Masterji, mbona marehemu humvishi maua kama watu wote?" Bapuji akamtazama akasema, "Maua ya nini? Nani amekufa?" Tukacheka, tukadhani anatania. Siku hizi sidhani.

Lakini nimeweka saini. Nimechoka, Dhanu. Naliandika neno hili mara moja tu, na wewe usinirudishie. Wiki iliyopita nilijikwaa bafuni, nikakaa sakafuni nikawaza, nani atamwinua aliyekuja kuniinua?

Waje kuichukua asubuhi, Bapuji akiwa hekaluni. Nakala waitundike kabla hajarudi.

Dada yako, Motiben wako,
Niranjana


Vadodara, 30 Machi 1998

Dhanu,

Jai Shri Krishna. Sikukuu ya Holi imepita, Bapuji alipakwa rangi na watoto wa Kantaben, akafurahi. Presha yangu imeshuka. Maembe mabichi yameanza kuingia sokoni na nimeshakata ya achari. Chupa yenu ipo, mtu akisafiri nitamkabidhi.

Watu wako walikuja, vijana wawili wenye glavu nyeupe. Waliishusha kwa adabu nzuri, sina la kuwalaumu. Ukutani pamebaki mraba msafi kuliko nilivyodhani ukuta wetu unaweza kuwa safi. Wakatundika nakala.

Bapuji akarudi, akaoga, akachovya kidole, akamwendea. Akasimama. Akaigusa kwa kiganja. Kisha akageuka akaniambia, "Hii ni picha."

Nikasema, "Ndiyo, Bapuji, ni picha ya Ba."

Akasema, "Naona ni picha. Savita yuko wapi?"

Nikamjibu. Akatulia, akafuta kidole kwenye taulo, akaomba chai.

Anakula vizuri. Wasalimie wote.
Niranjana


Mumbai, 19 Aprili 1998

Mpendwa Motiben,

Jai Shri Krishna. Huku joto limekuwa la kukaanga mtu bila mafuta. Kikohozi cha Varsha kimeisha, ugomvi na wauza mboga unaendelea. Bhavini amemaliza mitihani na sasa analala kama mtu aliyeajiriwa kulala. Achari haijafika, usidhani nimesahau.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ulimjibu nini? Umeandika "nikamjibu" halafu ukarukia chai.

Nilikwenda kuitazama kwenye ofisi ya kampuni. Wana fundi wa kusafisha picha za zamani. Ameniambia moshi wa jiko umetoka bila tabu, ila kwenye paji la uso kulikuwa na uvimbe mwekundu, tabaka juu ya tabaka, mgumu kama gamba. Yule binti akauliza, "Nani alikuwa akichezea hapa?" Watu wengine wawili walikuwepo, wamevaa suti. Nikasema ni watoto.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimekaa nalo tangu siku hiyo.

Jina lake kwenye kitabu cha mnada wameandika "Mwanamke Jikoni". Nikamwambia yule binti kwamba ana jina, anaitwa Savita. Akasema kwa upole kwamba wanunuzi hawapendi sana majina ya watu.

Niambie ulichomwambia.
Dhansukh


Vadodara, 24 Mei 1998

Dhanu mpenzi,

Jai Shri Krishna. Achari nimempa mwana wa Kantaben, anakuja Mumbai kwenye usaili. Akifika na chupa nusu ujue na yeye ni mtoto wa mama yake. Paa limefungwa turubai tukingoja mafundi. Mti wa mwarobaini wa uani umeangusha tawi juu ya kamba ya nguo, kwa hiyo shuka zote mbili nzuri zimepasuka. Mimi mzima.

Nilimwambia Ba amekwenda kwao.

Usinicheke wala usikasirike. Aliniuliza ghafla na mimi nikasema lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angesema. Mke asipokuwepo nyumbani yuko wapi? Yuko kwao. Nikasema, "Amekwenda Dabhoi kuwasalimia, Bapuji." Uso wake ukakunjuka. Akasema, "Asingeweza kuniaga?" Nikamwambia yeye ndiye alikuwa hekaluni. Akacheka. "Mama yako huyo. Akisikia kaka yake kapika kitu kitamu haoni wala hasikii."

Nilidhani kesho atasahau. Anasahau kama amekula, anasahau jina langu, hili hakulisahau. Kila asubuhi ananiuliza imepita muda gani, halafu anasema, "Muda umetosha." Hana huzuni, Dhanu, na hapo ndipo moyo wangu unapokatika. Ana furaha ya bwana harusi. Anachana masharubu. Amenituma nikachague sari, nikaleta ya buluu akairudisha, akasema Savita na buluu wapi na wapi, nikaleta ya manjano, rangi ya haldi, akaishika mapajani jioni nzima. Amemwita kuhani amtafutie siku njema ya kwenda kumchukua. Nikamnong'oneza kuhani aseme siku zote mbaya. Akasema. Bapuji akamwambia, "Pandit, nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Haiwezekani zote ziwe mbaya."

Nikamshauri, labda Ba atarudi mwenyewe. Akanikazia macho kama zamani darasani. "Mke harudi mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Mume ndiye anayekwenda, anakaa, anakula, anamwomba kwa baba yake, anarudi naye mbele za watu. Nisipokwenda watasema nimemtelekeza. Na yeye atasema nini?"

Hilo ndilo linalomsumbua. Anafikiri Ba amekaa kwao, mlangoni, anamngoja.

Irudishe. Najua nimeweka saini, najua paa, najua yote. Waambie familia imebadilisha nia, waambie dada yako ni kichaa, nitakuja nijieleze mwenyewe. Ikirudi ukutani nitamwambia karudi na gari la asubuhi, atamwekea kidoti chake na yatakwisha. Mnada bado. Naipeleka barua hii posta kuu mimi mwenyewe leo leo, sitaki kumpa mtu.

Fanya hivyo, mdogo wangu. Sijawahi kukuomba kitu.
Niranjana


Mumbai, 27 Juni 1998

Mpendwa Motiben,

Jai Shri Krishna. Barua yako imenifikia. Mvua zimeanza, treni zinasimama njiani na posta haina mwenyewe.

Imeuzwa, Motiben.

Nilikwenda. Ukumbi wa hoteli, viti vya dhahabu, baridi ya mashine mpaka watu wamejifunika mashali wakati nje mtu anavuja jasho. Kabla ya kuanza waliruhusu watu wapite wazitazame. Nikapita na mimi. Ba alikuwa kati ya picha za farasi na picha ya pembe tatu tupu. Wamemsafisha vizuri mno. Paji la uso tupu. Hakuna kidoti wala alama ya kidoti. Dada yangu, mimi nimemjua mama yangu kwa ile picha tu, na siku ile nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amevikwa sura ya mjane, mbele ya watu wageni wanaokunywa juisi. Nilitaka kulia nikaona aibu, nikatoka nikajifanya natafuta choo.

Bei ilipanda mpaka watu wakapiga makofi. Aliyenunua hakuwepo, alikuwa akizungumza kwa simu kupitia binti mwingine. Yule anayenadi akagonga meza, wakaleta farasi.

Nimefanya nini? Nilitaka upumue. Niambie la kufanya kwa Bapuji, nitalifanya.

Dhansukh


Vadodara, 20 Julai 1998

Dhanu,

Jai Shri Krishna. Mafundi wamemaliza paa, halivuji.

Sitauliza barua yangu ilifika lini.

Ulitaka kujua la kufanya kwa Bapuji. Limeshafanyika. Tulikwenda Dabhoi.

Nilishindwa kumzuia. Alianza kutoka peke yake na kifurushi cha sari, mara mbili nilimkuta njiani kuelekea kituo cha treni. Nikajisemea basi, nitakwenda naye, akifika pale akaona nyumba ilivyobadilika, akaona mjomba hayupo, huenda akakumbuka mwenyewe. Na asipokumbuka nitamwambia kule kule, mbele ya ndugu zake Ba, kwa upole. Maneno nilishayapanga.

Alivaa dhoti nyeupe iliyopigwa pasi na kofia yake ya shule. Ndani ya kile kitreni kidogo alimwambia kila aliyekaa karibu, "Nakwenda kumchukua mke wangu." Watu wakatabasamu, wakamsogezea nafasi. Mama mmoja akamtania, "Mzee, umechelewa, watoto wake wameshazeeka!" Akajibu, "Ndiyo maana nimekuja na peremende."

Vinu, mwana wa mjomba, alikuwa dukani. Mkewe Daksha alitupokea peke yake, akamkalisha kwenye bembea ya sebuleni, kiti cha mkwe. Unajua Bapuji na heshima zake. Hakuuliza moja kwa moja. Aliuliza habari za pamba, za watoto, za mvua. Daksha akaleta chakula, akampakulia. Ndipo akasema, "Haya, mwambieni ajiandae. Treni ya jioni haimngoji mtu."

Daksha akanitazama. Nilikuwa nimemweleza pembeni kwa haraka, lakini nadhani alielewa nusu. Alitaka kunisaidia, maskini. Akasema, "Bapuji, leo hatakuja."

"Anaumwa?"

"Hapana, haumwi."

"Basi amesema mwenyewe hataki?"

Daksha akanigeukia. Bapuji naye akanigeukia. Yale maneno yote niliyoyapanga, Dhanu, hata moja halikuwepo kinywani. Nikawaza, akisikia hataki leo tutapata muda, tutarudi nyumbani, atasahau. Nikaitikia kwa kichwa.

Hakugombana. Aliangalia chini, akakunjua miguu, akainuka. Sari akaiweka juu ya bembea alipokuwa amekaa. Akasema, "Mpeni. Si lazima aivae." Chakula hakukigusa. Mkwe kuondoka Dabhoi bila kula! Daksha alimfuata mpaka barabarani na sahani akilia, naye akamwombea heri, akaendelea kutembea.

Kwenye treni alitazama dirishani mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama anavyomwuliza mtu asiyemjua vizuri, "Binti, unadhani nilimkosea nini?"

Tangu siku hiyo anatafuta. Anakaa jikoni akitafuta kosa lake. Leo amekumbuka aliwahi kumfokea kwa ajili ya chumvi. Jana alisema pengine ni kwa sababu hakumpeleka kuhiji Dwarka alipotaka. Ameacha kuchana masharubu.

Nilimwambia ukweli, juzi, nimemshika mikono yote miwili. "Bapuji, Ba alifariki. Homa ya matumbo, mwaka sitini na tatu. Wewe mwenyewe ulimwasha moto pale mtoni." Alinitazama kwa huruma sana. Akasema, "Usimfichie mama yako aibu kwa kumuua. Mtu kuondoka si dhambi kubwa hivyo."

Niranjana


Mumbai, 12 Agosti 1998

Motiben,

Jai Shri Krishna. Bhavini amefaulu, amepata chuo alichokitaka. Varsha anakusalimu.

Sikukuu ya Raksha Bandhan imepita na bahasha yako haikuja. Tangu nijue kusoma hujawahi kuacha kunitumia uzi wa dada nijifunge mkononi. Varsha aliniuliza mkono wangu mbona mtupu, nikamwambia ni posta.

Umeandika kwamba hutauliza barua yako ilifika lini. Ahsante.

Nimekwenda kwenye kampuni kumtafuta mnunuzi. Nilitaka kumwomba atuazime tu, hata kwa mwezi, nikamweleza yule binti habari yote, na Dabhoi pia. Alitokwa na machozi, ila jina hakunipa, hawaruhusiwi. Aliniambia kitu kimoja kwa siri, na sijui kama alinisaidia. Ba hajatundikwa mahali popote. Yumo ndani ya sanduku la mbao, kwenye ghala lenye ubaridi, nchi za nje, anangojwa apande bei zaidi.

Basi hata hakuna anayemwangalia.

Nimempata mchoraji kijana hapa anayesema anaweza kuinakili kwa mkono, rangi halisi, kwenye turubai halisi. Nikuletee? Au nimchukue Bapuji aje akae na sisi, abadilishe hewa? Sema neno lolote. Hata tusi. Kimya chako kinaniua.

Dhansukh


Mumbai, 28 Oktoba 1998

Mpendwa Motiben,

Jai Shri Krishna. Nilifika salama, treni ilichelewa Surat tu. Varsha amekuja nyuma yangu na vitu vyote ulivyotufungia, ungedhani tumetoka harusini na si msibani. Bhavini analilia babu yake kila akiona kofia.

Siku zote za matanga nyumba ilijaa watu na hatukupata kukaa wawili. Labda na mimi nilikuwa nikikwepa. Nilipomwasha Bapuji moto pale mtoni, wewe ulikuwa nyumbani na wanawake, na nilitamani uwe karibu, kwa sababu mwenge uliniponyoka na hakukuwa na wa kunikemea.

Lakini nashukuru kwa ulichoniambia stesheni. Nilikuuliza dirishani, treni inaanza kutembea, kama Bapuji aliisahau ile ya Dabhoi mwishoni, ukanijibu, "Alisahau, Dhanu. Alisahau yote." Tangu siku hiyo nimeweza kulala. Kuhani naye alisema sasa wamekutana. Nayashika hayo mawili.

Jitunze. Njoo ukae na sisi, hiyo nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Mdogo wako,
Dhansukh


Vadodara, 9 Novemba 1998

Dhanu mpenzi,

Jai Shri Krishna. Nimefurahi mmefika salama. Kantaben ananiletea chakula kila mchana na anakaa kuhakikisha nimekila, kumbe mdomo ule una moyo. Kuja huko sitakuja sasa.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Nilitaka nikuache ulale. Pale stesheni nilikuona umelishika lile dirisha kama mtoto, nikasema asiingie safarini na mzigo huu. Lakini naamka nao peke yangu, naoga nao, na baba alikuwa wetu sote wawili. Nisamehe. Siwezi kuubeba bila wewe.

Hakusahau, Dhanu.

Alisahau mengine. Wiki ya mwisho hakujua kijiko ni cha nini. Alinisahau mimi, akiniita "mama muuguzi" na kunishukuru kila nikimgeuza. Hilo moja lilibaki. Alikuwa ameshaacha kutafuta kosa, alikuwa ameamua. Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu taratibu akasema, "Alifanya vizuri kuondoka. Hakupata raha kwangu."

Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia, "Bapuji, Ba alikupenda."

Akasema, "Ulikuwa mdogo. Hukuyaona."

Nilikuwa na miaka kumi na minne Ba alipofariki. Nilimwona Ba akikaa na njaa mpaka saa tisa, kwa kuwa Bapuji amechelewa shuleni na yeye hataki kula kwanza. Nilimwona Bapuji akija jikoni kumsomea gazeti akiwa anakanda unga, kwa sauti ya chini ili Bibi asisikie, na Ba akimwambia, "Rudia hapo," si kwa sababu hakusikia. Niliona alipokuwa na mimba yako miguu imevimba, Bapuji anamkanda uani nyuma ya tangi la maji, mume anamkanda mke miguu, Bibi angeliona angezirai. Niliona homa ilipompanda, akawa hamtambui mtu, na bado akisikia sauti ya Bapuji anageuza uso kuelekea mlangoni. Nilimweleza Bapuji yote hayo asubuhi ile, moja baada ya jingine, nikimshika kidevu anitazame. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake ile ile.

Kisha akanipigapiga mkono, kama mtu anayemtuliza mtoto wa jirani, akasema, "Una moyo mzuri. Lakini hukuwepo."

Nilikuwepo, Dhanu. Ni mimi peke yangu niliyebaki niliyekuwepo, na baba yangu alikufa bila kuniamini.

Dada yako,
Niranjana